Sita

Jagoda alituletea karatasi zake ndani ya kasha la uyoga,
kasha la buluu, mboji bado imegandia pembeni.
Hamna maajabu humu, akasema.
Hesabuni sita tu, basi.

Ukumbi wa parokia, Clones, Februari,
hita inakohoa bila kupasha.
Dervla fidla ya kwanza, Ultan ya pili,
Wit na selo yake, koti hajavua,
na mimi mwenye viola, chombo ambacho watu hukigundua
kikishanyamaza.

Sita naijua. Nilifunzwa na babu jikoni kwake,
soli ya kiatu ikigonga jiwe la sakafu:
sita unaikata mara mbili, mkate wa watoto wawili,
tatu zako, tatu zangu, asinune mtu.
Kiwiliwili wima, mikono imelala ubavuni
kama ya mtoto aliyekatazwa kugusa,
ugomvi wote na furaha yote vimeshuka miguuni.
Hiyo ndiyo jigi.

Wit akaikata kwingine.
Mbili, mbili, mbili,
na ile ya mwisho akaikanyaga
kama mtu aliyedhani ngazi zimekwisha, kumbe bado moja.
Tukaporomoka wote wanne.
Ultan alicheka hadi akaweka upinde sakafuni.
Kwetu, Wit akasema, akilitafuta neno,
mguu hauruki kabla haujasita.

Bogumiła, mama yake Jagoda,
miaka kumi na tisa katika mabanda ya uyoga nje ya Monaghan,
rafu juu ya rafu, giza na unyevu,
kisu kifupi kilichopinda kama ukucha:
shika, zungusha, kata, laza,
sita kwa kila trei.
Akichoka alipiga mluzi wa oberek ya kijijini kwao, karibu na Radom,
kisu kikigonga chuma.
Rafu ya chini alikuwako Attracta McQuaid,
ambaye Kiingereza chake Bogumiła hakukielewa hata chembe,
naye akajibu kwa jigi, trei juu ya goti.
Sita ileile, kila mmoja na mkato wake,
na msimamizi akipita, wote wawili kimya, uyoga mtupu.
Mtoto chini ya meza ya mizani, daftari la hesabu mapajani,
hakumaliza zoezi.

Hapa nimfuate nani? Dervla aliuliza, ukurasa wa kumi na tisa,
fidla zinakwenda huku, selo inarudi kule.
Jagoda akatafuna penseli.
Hata mimi huulizwa hivyo, akasema. Hasa kwenye harusi.

Nami nikalalamika. Sehemu ya tatu nzima
nimepewa nyuzi mbili wazi, mvumo mmoja, basi,
wenzangu wanazunguka na kuruka juu ya kichwa changu.
Hiyo ni feni ya banda, akanijibu.
Ikizima, asubuhi hakuna uyoga.
Tangu siku ile naivuta kama mlinzi wa usiku.

Usiku wenyewe: mvua, viti vya bomba,
padre mbele, na safu ya tatu wale wawili,
Attracta na nyonga yake mpya,
Bogumiła na pete iliyombana kidoleni.
Ukurasa wa kumi na tisa Ultan akapotea.
Nililiona jicho lake likikimbia juu ya noti
kama mtu anayetafuta funguo huku mlango unagongwa.
Dervla akasita, wala si pale pa kusita.
Upinde wa Wit ukaning'inia hewani.
Nikabaki mimi na feni.

Kisha tok, kwenye bomba la kiti.
Pete. Tok, tok,
na chini yake kisigino, kikikata kwingine.
Tukaingia kwa mlango huo sote.

Gazeti la Alhamisi lilitusifu kiasi,
likauliza kwa nini jina la mpiga ngoma
halikuchapwa kwenye programu.